Binti anapenda kuunda kompyuta, ikishawaka anaikimbia. Kinachokosekana ni nini?

#1 BisibisiNyota

Wakuu, habari za humu.

Nina binti wa miaka 9. Aling'ang'ania kufungua kompyuta ya mezani iliyokufa, nikamwachia. Akaichambua yote: feni, diski, ramu, kadi, mpaka ile betri ndogo ya duara. Alipoona hakuna kilichobaki cha kufungua, akauliza kama tunaweza kuunda nyingine inayofanya kazi. Nikakusanya vipuri vilivyotumika: bodi mama ya soketi AM4 (kikalio cha prosesa za AMD), prosesa yenye uwezo wa kuonyesha picha kwenye skrini ndani yake, ramu mbili za DDR4, SSD ndogo. Pawasaplai (kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme) peke yake ndiyo mpya, hiyo sikutaka kubahatisha.

Kazi kaifanya yeye. Prosesa kaiweka mwenyewe: nyanyua kiwiko cha soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu, iache ishuke yenyewe bila kuisukuma, rudisha kiwiko. Pesti ya joto kidogo katikati, kipoza joto juu yake, ramu kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Bayosi (programu ya kwanza kuwaka, inayokagua vipuri) ilipotokea kwenye skrini alipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Baada ya hapo tukaweka mfumo endeshi wa Linux, nikamfungulia Scratch (ya watoto kujifunza kuandika programu), nikamwonyesha programu ya kuchorea. Ikaishia hapo. Haigusi tena. Kaka yake ndiye anayeitumia kutazama video, yeye anauliza lini tutaibomoa.

Nilidhani mtoto akikiunda kitu kwa mkono wake atataka kujua kinafanyaje kazi. Mbona sioni hivyo? Na hatua inayofuata iwe ipi?

#2 Ngoja_Waje

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimeshakaa.

#3 Lango_la_NAND

Mkuu, hapo hakuna la kushangaza. Alichofanya binti ni kuchomeka plagi. Tena plagi zenyewe zimetengenezwa zikatae kuingia pasipo pake: DDR4 ina pini 288 na mkato wake umesogezwa pembeni kidogo ya katikati, ukiigeuza haikai. Plagi ya pini 24 ina kindoano upande mmoja na matundu ya maumbo tofauti. Ni kazi nzuri ya mikono, sikatai, lakini kukokotoa hakukuona. Aliona vipande vyeusi vya plastiki vyenye miguu, akavipanga, skrini ikawaka. Uchawi ulikuwepo kabla na umebaki baada.

Mtafutie bredibodi (ubao wa kuchomeka waya bila kuchomelea), taa za LED, swichi, rezista na chipu mbili za 74HC00. Kila moja ina mageti manne ya NAND kwenye miguu 14; geti hilo linatoa 0 pale tu viingizo vyote viwili vikiwa 1, vinginevyo linatoa 1. Ajenge NOT (kugeuza), halafu AND (zote mbili), halafu OR (angalau moja). Kisha XOR kwa NAND nne. Ukigeuza tokeo la ile NAND ya kwanza kwa NAND ya tano unapata AND, na hapo umeshapata kijumlishi. Bonyeza swichi moja, taa ya "moja" inawaka. Bonyeza zote mbili, ya "moja" inazima na ya "mbili" inawaka. Amejumlisha 1 na 1 kwa waya alizozichomeka mwenyewe, na anaweza kufuata kwa kidole kila mahali umeme unapopita.

Nimefanya hivyo na mtoto wa dada yangu na hakuuliza kubomoa.

#4 MamaPacha

Lango, mtoto wa miaka 9 unampelekea XOR kwa NAND nne halafu mnashangaa watoto wanahamia kwenye katuni.

BisibisiNyota, rudi usome ulichoandika mwenyewe. Mpaka bayosi inatokea ni "kaifanya yeye", "kaiweka mwenyewe". Baada ya hapo ni "tukaweka", "nikamfungulia", "nikamwonyesha". Kompyuta ilipowaka ilibadilisha mwenyewe. Mimi nina wawili na hilo nalijua vizuri: mtoto akiona mkono wa mzazi umeingia kwenye kibodi, anakunja mikono anasubiri onyesho liishe.

#5 Lango_la_NAND

MamaPacha alisema: "mtoto wa miaka 9 unampelekea XOR"

Jina sio lazima alijue. Unamwambia "taa iwake swichi zikitofautiana". Watoto wanaelewa haraka kuliko baba zao.

#6 FeniMbili

Mimi wangu nilimrahisishia: prosesa ni ubongo, ramu ni meza ya kazi, diski ni kabati. Akaelewa, tukaunganisha, mambo yakaisha. Tusiwatese watoto.

#7 Kiroboto_wa_Bayosi

FeniMbili na wewe. Ubongo uko ndani ya nyumba, una meza na kabati, halafu moyo ni pawasaplai? Mwanangu niliwahi kumwambia hiyo ya ubongo akaniuliza ikizimwa inaota nini. Siku nzima nikawa najibu maswali ya ndoto.

#8 Mstaafu_wa_Maabara

Nimefundisha vijana kutengeneza kompyuta kwa muda mrefu, na niseme nilichokiona. Chombo kinachofanya kazi hakimfundishi mtu kitu. Ikiwaka vizuri, swali limefungwa. Ikikataa kuwaka, hapo darasa linaanza.

Kwa hiyo, BisibisiNyota, usiibomoe yote. Iharibu. Mtoto akiwa nje ya chumba, chomoa waya wa umeme, legeza ramu moja upande mmoja tu, rudisha kila kitu, mwite. Siku nyingine chomoa plagi ya prosesa, ile ya pini 4 au 8 iliyo pembeni juu ya bodi. Feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi, jambo ambalo linawachanganya hata watu wazima. Siku nyingine badilisha mpangilio wa kuwaka kwenye bayosi ianze kutafuta mfumo endeshi kwenye flashi tupu. Mpe kanuni moja tu: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichoona, ndipo ubadilishe kingine.

Bodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (michoro ya skrini) na BOOT (kuanza mfumo endeshi). Taa inayong'ang'ania kuwaka ndiyo hatua mashine ilipokwama. Hizo taa zinamfundisha mtoto kwamba kuwasha kompyuta ni safari yenye vituo, na kila kituo kina sharti lake. Kama bodi haina taa, mnunulie kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye pini, asikilize milio. Ila milio hiyo inatofautiana kwa mtengenezaji wa bayosi, kwa hiyo asikariri jedwali la bodi moja.

#9 ChumaChakavu

Mwalimu heshima yako. Umenikumbusha fundi mmoja aliyekuwa anatuharibia kwa makusudi halafu anajifanya amelala.

#10 Pini40

Mnajisumbua na makasha makubwa. Raspberry Pi ipo tangu 2010, imetengenezwa kwa ajili ya watoto hawahawa. Bodi ndogo, kadi ya SD, kibodi, skrini, mambo yanaanza. Mtoto anawasha taa kwa mistari michache ya lugha ya programu ya Python.

#11 Kiroboto_wa_Bayosi

Pini40, umechemka mwaka. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Na pini 40 unazojivunia kwenye jina lako zilikuja na Model B+ ya 2014, zile za mwanzo zilikuwa na 26.

Pia mwambie mkuu kwamba pini hizo ni za volti 3.3. Ukipeleka volti 5 kwenye pini ya kuingizia unaiua chipu, na chipu hiyo ndiyo kompyuta nzima. Hakuna cha kuchomoa ukabadilisha.

#12 Pini40

Mwaka usitucheleweshe, hoja ipo palepale. Binti anakimbia kwa sababu kompyuta ya mezani haigusi dunia. Inaonyesha vitu kwenye skrini basi. Anayependa bisibisi anataka kitu kinachosogea: mota, taa, kihisi cha mwanga. Pi inampa hivyo.

#13 Lango_la_NAND

Pi kwa suala la kuunda ni mbaya kuliko kompyuta ya mezani. Prosesa, michoro na vidhibiti vyote vimefungwa pamoja, ramu imechomelewa. Ataunda nini hapo? Atachomeka kadi.

#14 SimuMkononi

Kama anapenda kuona ndani, mfungulieni pawasaplai ya zamani aone transfoma na zile koili. Ukishachomoa waya ukutani haina umeme tena, salama kabisa.

#15 Mstaafu_wa_Maabara

SimuMkononi, HAPANA. Naomba mtu asiisome hiyo akaifanya.

Ndani ya pawasaplai kuna kapasita kubwa upande wa umeme wa ukutani. Kwenye nyingi za kisasa hukaa na volti zinazokaribia 400, na chaji inaweza kubaki baada ya kuchomoa waya, hasa ikiwa kifaa ni kibovu na njia ya kuimwaga chaji imekatika. Tena pawasaplai mnazowapa watoto wachokonoe ni zile zilizoharibika. Kasha la pawasaplai halifunguliwi na mtoto, wala na mzazi asiyejua anachokifanya. Skrini za kioo kinene za zamani ndiyo kabisa, hizo ni maelfu ya volti. Na betri za laputopu zisitobolewe wala kukunjwa.

Akitaka kuchezea pawasaplai, apimie nje. Kwa multimita (kipimo cha umeme) kwenye plagi: njano ni volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, nyeusi ni ardhi. Zambarau ni volti 5 za kusubiri, zipo hata kompyuta ikiwa imezimwa maadamu waya uko ukutani. Hiyo zambarau inamjibu mtoto swali zuri sana: kompyuta iliyozimwa inajuaje kwamba nimebonyeza kitufe?

(Rangi ni za waya za kawaida. Pawasaplai nyingi mpya waya zote ni nyeusi, hapo utafuata namba za pini.)

#16 MamaPacha

Ahsante mwalimu. Na niongeze jingine, kwa sababu #1 imetaja betri ya duara. Ile ya CR2032 isizagae kama kuna mtoto mdogo nyumbani. Akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza ndani kwa saa 2 tu. Ukishuku amemeza ni kukimbilia hospitali wakati huohuo, usisubiri itoke. Kwangu zinakaa kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, juu ya kabati.

#17 BisibisiNyota

Nimerudi, nimesoma yote. Nashukuru.

MamaPacha, hilo la "nikamfungulia" limenichoma kidogo. Lakini jana nilimwachia kibodi peke yake, nikatoka. Niliporudi alikuwa amefungua ubavu wa kasha anaangalia feni. Kwa hiyo mkono wangu sio sababu yote.

Mwalimu, nimejaribu la kuharibu. Nilimlegezea ramu. Aliipata haraka mno kwa sababu aliona kibano hakijafunga, taa hata hakuziangalia. Halafu akaniambia zamu yangu, nitoke nje. Alichofanya ni kuchomoa ule uzi mdogo wa kitufe cha kuwashia kwenye pini za mbele. Nilihangaika na waya kubwa zote kabla ya kufika pale, yeye kashika mdomo anacheka.

Sasa anataka tuwe tunaharibiana kila siku. Kutumia kompyuta bado hataki.

#18 ChumaChakavu

Hahaha. Huyo sio mteja wa kompyuta, huyo ni fundi. Kwani nani kasema lazima apende kutumia? Kuna watu wanapenda injini na hawapendi kusafiri. Mkuu unamlilia Scratch ambayo ni ndoto yako.

#19 Mstaafu_wa_Maabara

BisibisiNyota, safi sana. Alichagua hitilafu nzuri. Mwambie sasa ageuze plagi za pini za mbele, aone: ya kitufe ukiigeuza kitufe kinafanya kazi vilevile, ya taa ukiigeuza taa inagoma. Akikuuliza kwa nini, hapo mmefika kwenye diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) bila kufungua daftari.

#20 Kasha_Wazi

Mimi nina dhana tofauti na zote. Ni kasha. Mlipomaliza mlifunika ubavu, mkakaza skrubu, mkaiweka pembeni. Alichokuwa anakipenda kikatoweka machoni. Ya kwangu niliacha bodi juu ya ubao, imefungwa kwa vinguzo vya shaba, kila kitu kinaonekana. Mwanangu anaandika programu huku anaangalia feni ikiongeza kasi prosesa ikipata kazi. Anashika kipoza joto, anasikia kimepata moto, anaangalia kipimo cha joto kwenye skrini. Vitu viwili vimeungana kichwani mwake.

Vumbi ndilo tatizo. Na paka.

#21 Kiroboto_wa_Bayosi

Na umeme tuli. Kuna anayemvalisha mtoto kile kikanda cha mkononi cha kuuondoa?

#22 FeniMbili

Kikanda cha nini. Sijawahi kuvaa na sijawahi kuua kitu.

#23 Lango_la_NAND

FeniMbili, unajuaje hujaua? Mtu anaanza kuihisi cheche inapofika kama volti 3,000. Chipu nyingine zinaumia kwa mia chache tu, utakuwa hukuhisi chochote. Na kuumia si lazima zife siku hiyo.

#24 FeniMbili

Hoja ya "iliumia ila huoni" haipingiki, ndiyo raha yake. Chipu za sasa zina kinga kwenye miguu. Kugusa chuma cha kasha kabla ya kuanza kunatosha.

#25 Mstaafu_wa_Maabara

Mimi nawavalisha, hasa kwa sababu kikanda kinamfanya mtoto atulie, ajue kazi imeanza. Kikanda halisi kina rezista ya megaomu 1 ndani, kwa usalama wa mvaaji. Usimfunge mtoto waya mtupu wa kubuni. Kuhusu pawasaplai iwe imechomekwa ukutani na kuzimwa ili ipate ardhi, au ichomolewe kabisa, mafundi wamegombana tangu zamani. Kwa watoto mimi nasema ichomolewe.

#26 Solda_Baridi

Samahani kuingilia uzi, na mimi nimeunganisha na kijana wangu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Tatizo nini?

#27 ChumaChakavu

Waya wa skrini umeuchomeka kwenye bodi badala ya kwenye kadi ya michoro. Uchomoe.

#28 Kasha_Wazi

Au umebakiza kinguzo kimoja cha shaba mahali ambapo bodi haina tundu, kinagusa nyuma ya bodi na kupiga shoti.

#29 Kiroboto_wa_Bayosi

Au prosesa yako ni ya AM4 mpya kuliko bayosi ya bodi. Soketi inaikubali, bayosi haiijui. Au ni Intel yenye herufi F mwishoni, hizo hazina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya michoro. Na kama ramu ni ya kizazi cha DDR5, mara ya kwanza inaweza kukaa kimya dakika kadhaa inapima ramu, usizime kwa pupa.

#30 Mstaafu_wa_Maabara

Soma #8. Plagi ya prosesa.

#31 Solda_Baridi

Sasa nifuate ipi?

#32 MamaPacha

Mwulize kijana wako, wewe mpishe.

#33 Pini40

Niulize kitu Lango. Nimejaribu chipu zako nikiwa na mdogo wangu. Taa inacheza yenyewe, mkono ukisogea karibu inawaka, ukiondoka inazima, hata hajagusa waya. Mdogo wangu anadhani ana nguvu mkononi. Nilisoma mahali kwamba mguu ukiachwa wazi unasomeka 1.

#34 Lango_la_NAND

Hiyo ya "mguu wazi ni 1" ni ya familia ya 74LS. 74HC ni nyingine, mguu wake wa kuingizia hauvuti umeme karibu wowote, ukiachwa unaelea na kufuata uga wa umeme wa mkono wako. Weka rezista ya kiloomu 10 kutoka kila mguu wa kuingizia kwenda ardhi, swichi iwe upande wa volti 5. Na miguu ya kuingizia ya mageti usiyoyatumia ndani ya chipu hiyohiyo, ifunge kwenye ardhi.

Ila kabla ya kurekebisha, mwachie mdogo wako acheze na mkono kidogo. Ni somo zuri la kwa nini kompyuta inahitaji kila waya iwe 1 au 0, isiwe katikati.

#35 Mjukuu_wa_Altair

Mnabishana kana kwamba kuna njia moja ya kuunda. Mwaka 1975 kompyuta ya Altair 8800 iliuzwa Marekani ikiwa vipande, mtu anachomelea mwenyewe nyumbani. Haikuwa na skrini wala kibodi. Swichi na taa za mbele, kumbukumbu ya baiti 256. Unapandisha swichi kuandika namba kwa biti. Na watu hawakuikimbia ikiwaka, walianzisha vilabu. Mwaka uliofuata Apple I nayo ikaja ikiwa vipande vya kuchomelea.

#36 Kiroboto_wa_Bayosi

Apple I haikuja vipande. Bodi ilikuja imeshachomelewa, mnunuzi alitafuta kasha, kibodi, transfoma na skrini. Altair umesema sawa.

#37 Mjukuu_wa_Altair

Sawa, afisa wa miaka. Lakini ona tofauti: ile Altair ukishaiunda ilikuwa tupu. Usipoiandikia programu ni sanduku la taa. Ya binti wa mkuu ilipowaka ilikuja na kila kitu, michezo, video, kivinjari. Amekabidhiwa nyumba yenye wapangaji tayari.

#38 Pini40

Kuna huyu Seymour Papert, mmoja wa waliotengeneza lugha ya Logo mwaka 1967. Msimamo wake ulikuwa mtoto hujifunza vizuri akitengeneza kitu ambacho wengine wataweza kukiona. Sasa binti ameunda, nani amekiona? Kaka anatazama video tu, hata hajui ramu iko wapi. Mpeni amfundishe kaka kuunda ya pili.

#39 MamaPacha

Hilo nalikubali kuliko ya mageti.

#40 Nilikuwa_Mimi

Mimi ndiye nilikuwa mtoto huyo. Baba alinipa mashine za kubomoa, nikawa nabomoa na kuunganisha, kuwashwa hakukunihusu. Alinunua programu za kujifunzia, sikuzifungua. Alikasirika kimyakimya, najua. Miaka mingi baadaye nikahitaji kitu cha kuhesabu vipimo kwenye kazi yangu, nikakaa nikajifunza kuandika programu kwa sababu nilikuwa na jambo la kufanya. Siku hizi naandika kila siku. Sijui kama kubomoa kule kulinisaidia. Baba anaamini kulinisaidia.

#41 Lango_la_NAND

Baba yuko sahihi.

#42 ChumaChakavu

Au ungejifunza vilevile bila kubomoa hata redio. Hakuna anayejua. Mkuu asijisumbue, mtoto wa miaka 9 leo anapenda bisibisi, kesho baiskeli.

#43 BisibisiNyota

Wakuu mmenipa kazi. Kila dhana nikiipima naona inagusa, halafu kuna kitu kinabaki nje. Kasha nimelifungua na linakaa wazi, kaka yake analalamika kelele. La kumfundisha kaka limeanza vizuri likaishia kwenye ugomvi: dada hataki kaka ashike prosesa, anamwambia ataipindisha pini. Ndiyo kwanza nimejua anajua kwamba kwenye AM4 pini ziko upande wa prosesa. Mwenyewe sikumwambia.

Tulipokuwa tunatoa kipoza joto alinizuia nisivute moja kwa moja, nizungushe kwanza pesti iachie. Hilo nalo kaliona kwenye ile iliyokufa, prosesa ilipong'oka pamoja na kipoza joto kiwiko kikiwa kimefungwa.

Bredibodi imefika. Kijumlishi alikijenga kwa kufuata mchoro, akajaribu swichi zote, akasema "basi?" Lango usinipige. Alichokipenda zaidi kwenye boksi lote ni relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) moja ya volti 5 yenye kifuniko cha kuonyesha ndani. Anaiwasha na kuizima, anaangalia kile kibati kikiruka, anasikiliza mlio. Kuna kitu cha kujenga na relei peke yake?

#44 Lango_la_NAND

Sikupigi. "Basi?" inauma lakini nimeipokea.

Kipo. Relei mbili mfululizo ni AND, mbili sambamba ni OR, na ule mguu unaofungwa relei ikiwa imelala ni NOT. Konrad Zuse, Mjerumani, mwaka 1941 alikamilisha kompyuta ya Z3 kwa relei zaidi ya 2,000, na ilikuwa inafuata programu. Huna haja ya kufika huko. Kijumlishi kilekile alichokiona hakina maana akijenge kwa relei, safari hii ataona kila geti likisogea.

#45 ChumaChakavu

Nyumba nzima itakuwa inagonga tak tak tak. Kaka atahama.

#46 Mstaafu_wa_Maabara

Mambo mawili kabla hajaanza. Kwanza, kila koili ya relei iwekewe diodi sambamba, 1N4148 inatosha kwa relei ndogo, upande wenye mstari uelekee kwenye volti 5. Koili ikikatiwa umeme inarudisha volti kubwa kwa kitambo kifupi, inachoma chochote kinachoiendesha na kumshtua mtoto kidoleni. Pili, pima koili kwa multimita ugawanye: volti 5 kwa omu 70 ni kama miliampea 70 kwa relei moja. Zikiwa kumi zinataka miliampea 700, mguu wa chipu au wa Pi hauwezi kubeba hata moja. Atumie adapta ya volti 5 ya ampea 2.

Hiyo hesabu ya kugawanya aifanye yeye.

#47 Solda_Baridi

Ilikuwa plagi ya prosesa. Lakini kijana anasema aliichomeka na ya skrini kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuna uhakika ni ipi.

#48 Mstaafu_wa_Maabara

Ichomoeni moja muone.